Waume wa Hombo na Makisio Yangu

Watu wengi wa Moroni walidhani kasi ya intaneti naitoa kichwani huku nikitazama dari. Mtu anakuja ofisini kwetu, ofisi ya simu, anataka laini ya intaneti nyumbani kwake. Namwambia, "Wewe utapata kati ya kilobiti mia sita na mia nane," naye ananikodolea macho kana kwamba nimepiga ramli. Wengine waliniuliza nina jini gani. Niliwajibu kwamba jini wangu anaitwa hesabu, na asiyemtaka aende kwa mganga, huenda huko akapewa laini. Nina hasira za karibu. Mama yangu Oumaima ananiambia hivyo tangu utotoni, na mwaka ule wa mgogoro hasira zangu zilipata chakula cha kutosha.

Hesabu yenyewe haina siri. Wakati ule intaneti ya nyumbani ilipita katika waya uleule wa shaba wa simu, na katika waya wa shaba nguvu hupungua njiani, kama maji ya bomba ambayo nyumba ya mwisho huyapata matone. Kwa hiyo nilipima urefu wa waya kutoka kituo cha simu hadi mlangoni kwa mteja, nikifuata vichochoro waya unakopita, maana waya hauruki juu ya mapaa. Lakini urefu peke yake hautoshi. Waya mwingine ni mwembamba, mwingine una viungo vilivyoliwa na chumvi. Hapo nilitazama majirani: hawa waliokwisha kuunganishwa, wenye waya wa urefu kama huu, wanapata kasi gani hasa? Niliwatupa waliopata kupita kiasi na waliopata kidogo kupita kiasi, nikabaki na walio wengi. Ndiyo maana sikutoa namba moja bali mbili, ya chini na ya juu. Ile ya chini ndiyo ahadi. Na sheria ya ofisi ilikuwa wazi: ahadi ikishuka chini ya mia tano, mteja hapewi laini, kwa sababu akipewa atarudi kututukana.

Sheria hiyo niliipenda sana, mpaka siku iliponigeukia mimi mwenyewe.

Nilikuwa naolewa na Nabhane, kijana wa Mutsamudu, kisiwa jirani cha Ndzuani, aliyefanya kazi Moroni, kwetu Ngazidja, na kupanga chumba huko Vouvouni. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kumuoa msichana wa Moroni halikuwa jambo dogo kwa Mndzuani. Wakubwa wa kule na wakubwa wa huku walikuwa wamekunjiana ngumi, boti na ndege kati yetu na Mutsamudu zimesimama, na mitaani watu walikuwa wakisema maneno ambayo sitaki kuyaandika. Mama yangu mwenyewe, mwanamke wa swala tano, alikuwa haishi kusema Wandzuani ni hivi na Wandzuani ni vile, kisha akikumbuka Nabhane yupo barazani anaongeza, "Si wewe, mwanangu."

Mama yake Nabhane, bweni Zaharia, kama tunavyomwita kwa heshima mwanamke mkubwa, alikuwa amekwama kwake mtaa wa Hombo, kule Mutsamudu, hawezi kuvuka. Na alikuwa amesema neno lake kwa simu, akalikata kama uzi: radhi hatoi.

"Sauti naisikia," alimwambia mwanawe, "lakini sauti haina uso. Siku hizi Moroni mnatutazama kama maadui. Nitamwona msichana kwa macho yangu, na nyumba utakayoingia nitaiona. Nisipoona, radhi yangu usiitafute."

Nani ataoa bila radhi ya mama? Si Nabhane. Alikuwa mwanamume wa kukabiliana na mtaa mzima, lakini si na mama yake. Na siku ya arusi ilikuwa imekwisha kupangwa na wazee wa Magoudjou, kwetu, ambako kila familia ina zamu yake. Tukiikosa zamu, tungengoja mpaka Mungu ajuavyo, na katika hali ile ya nchi, kungoja maana yake ilikuwa kuvunja. Mimi nilimtaka Nabhane. Nasema wazi. Nilimtaka nikakosa usingizi.

Njia ilikuwa moja: picha. Binamu yake kule alikuwa na kompyuta yenye kamera. Simu ya waya ilikuwepo kwa bweni Zaharia miaka mingi. Kilichobaki ni laini ya intaneti yenye kasi ya kupitisha picha inayotembea. Nabhane aliandika ombi kwa jina la mama yake, likaja mezani kwangu, nikafanya hesabu.

Ahadi ikatoka mia moja na arubaini.

Nilirudia. Ikatoka ileile. Tatizo halikuwa urefu wa waya, maana nyumba ya bweni haikuwa mbali sana na kituo. Tatizo lilikuwa majirani. Majirani wa Hombo walikuwa wendawazimu! Mteja mmoja, Toihir, anakaa karibu na bandari, umbali wa kutupa jiwe kutoka kituoni, anapata kasi ya mtu wa kijijini. Mwingine, Inzoudine, yuko juu kabisa ya Hombo, mwisho wa waya, na intaneti yake inakimbia. Aliye karibu anasota, aliye mbali anatamba. Kwa majirani wa namna hiyo, hesabu inakuwa mwoga: kwa kuwa haijui la kushika, inashika la chini kabisa.

"Mtume Djabir akapime," alisema Nabhane. Djabir alikuwa fundi wetu wa Mutsamudu.

"Apime na nini? Kifaa cha kupimia kilikuja huku kutengenezwa, boti zikasimama. Kiko kabatini kwangu. Na nafasi za kuunganisha wateja kule zimebaki chache, hafungui hata moja bila saini ya Moroni. Saini inafuata ahadi. Na ahadi ndiyo hii."

"Basi iandike mia tano."

Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Uongo nisingeandika, hata kwa arusi yangu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ingeishia pale picha itakapoganda mbele ya bweni Zaharia, naye aseme, naam, ndivyo walivyo watu wa Moroni.

Ukombozi ulikuja kwa ugomvi. Mchana mmoja tulikaa kwenye ngazi za ofisi tukila mandazi, nikimjazia Nabhane karatasi ya arusi ya manispaa.

"Makazi yako?"

"Hombo, Mutsamudu."

"Nabhane, unalala Vouvouni."

"Vouvouni ninalala. Kwetu ni Hombo."

"Na ukishanioa, ukahamia kwetu hapa Magoudjou?"

"Nitalala Magoudjou. Kwetu ni Hombo."

"Na tukizaa? Tukapata wajukuu, ukazeekea kwenye kiti cha mama yangu?"

"Kwetu ni Hombo, Faïza. Mbona unauliza kama Mzungu?"

Damu ilinipanda. Nyumba ya mama yangu ilijengewa ghorofa kwa ajili yangu tangu ninanyonya, kila tofali limebebwa kwa jasho la wajomba, na huyu bwana ataingia na sanduku lake la nguo, ale, alale, azeeke, halafu aseme kwao ni kwingine? Nilifungua kinywa nimpe yake. Kinywa kikabaki wazi.

"Sema tena," nilimwambia.

"Niseme nini?"

"Mwanamume wa Mutsamudu akiulizwa ofisini nyumbani ni wapi, anataja nyumba gani?"

"Ya mama yake. Ataje ya mkewe? Watamwona hana kwao."

Nilimwacha na mandazi yangu nikakimbia ndani.

Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke, kila mtu analijua hili. Binti hujengewa, mume huhamia. Lakini heshima ya mwanamume inabaki kwa mama yake. Hapa Moroni mafundi wetu walikuwa wakiandika wenyewe ukuta walioutoboa, kwa hiyo hesabu haikuumia. Kule Mutsamudu karani alimuuliza mteja kwa adabu, "Nyumbani kwenu ni wapi?" na mteja akajibu kwa adabu. Toihir bila shaka alitaja kwa mama yake bandarini, na waya ukapelekwa kwa mkewe mlimani. Majirani wangu hawakuwa wendawazimu hata kidogo. Waliandikwa kwa mama zao nao wanalala kwa wake zao. Na mimi, mwanamke ninayeishi katika nyumba ya mama, na kesho nitaletewa mume humohumo, nilizitazama namba zile siku zote bila kuliona hilo! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Sasa nilihitaji kujua kila mume wa Hombo analala wapi. Djabir hakuweza kunisaidia. Alikuwa mgeni kule, na aliyemtangulia kuunganisha wateja wengi alikuwa amekwenda zake Mayotte. Nilimuuliza Nabhane nani Mutsamudu anajua ndoa za watu wote. Alijikuna shingo.

"Yuko mmoja," alisema. "Lakini hutapenda."

Nilipiga simu Hombo. Nikatoa salamu ya mdogo kwa mkubwa.

"Kwezi, bweni."

Akaitikia kama mkubwa anavyoitikia kwezi, kwa sauti kavu, "Mbona. Nani?"

"Faïza. Wa Moroni."

"Radhi haiombwi kwa simu, binti. Nilishasema."

"Sikupiga kuomba radhi, bweni. Nimepiga kuomba waume wa Hombo."

"Wote?"

"Wote wenye intaneti."

Nilisikia kitu kama kikohozi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo anavyocheka. Nikamweleza kila kitu, waya, majirani, ahadi, na kwamba nisiponyosha hesabu hii hataniona wala hatamwona mwanawe akiingia nyumbani. Sikumficha kwamba ninaogopa. Alisema Shindzuani chake, nami Shingazidja changu, na pale tulipokwama tuliokoana kwa Kiswahili alichorithi kwa baba yake aliyekuwa mfanyabiashara.

"Soma majina," alisema.

Nikasoma. Bweni Zaharia hakusita hata mara moja. "Toihir? Huyo yuko kwa Rahamatou, juu, baada ya hospitali. Alihamia mvua zilipoanza." Huyu yuko hapa, yule kaachwa karudi kwa mama yake kweli. "Inzoudine ana wake wawili."

"Simu iko kwa yupi, bweni?"

"Kwa mdogo, chini, karibu na kituo chenu. Kwa mkubwa kapeleka redio."

Nilipomaliza kuhamisha kila jina kutoka kwa mama kwenda kwa mke, nilichora upya kasi na urefu wa waya. Namba zilizokuwa zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe zilijipanga zenyewe, kutoka karibu hadi mbali, kasi ikishuka taratibu kama inavyotakiwa. Wachache tu walibaki pembeni. Nikaiweka nyumba ya bweni Zaharia mahali pake. Ahadi ikatoka mia tano na arubaini, na ya juu mia saba. Nilibusu karatasi.

Mkuu wa kitengo chetu, bwana Abdourahamane, hakuibusu. Aliisoma, akavua miwani.

"Faïza, arusi ni yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Mama mkwe ni wako?"

"In shaa Allah."

"Na anwani hizi umezipata kwa nani?"

"Kwa bweni mwenyewe," nilikiri. Akaisukuma karatasi ikarudi kwangu. "Namba ilikuwa mbaya. Umezungumza na mwenye haja, namba ikawa nzuri. Ungeletewa hii na mtu mwingine, ungesaini wewe?"

Nilitaka kumpasulia meza, lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nikavuta pumzi. "Nisingesaini," nilisema. "Ningemjaribu. Nijaribu, bwana. Chagua mteja wa Mutsamudu ambaye kasi yake siijui. Nitasema kasi kabla hatujaiona. Nikikosa, arusi yangu naivunja mwenyewe."

Hili la mwisho lilinitoka bila ruhusa yangu. Nabhane, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika fremu ya mlango.

Bwana Abdourahamane alimpigia Djabir, akamuuliza nani ameunganishwa hivi karibuni na taarifa ya kasi yake haijafika Moroni. Djabir akataja watatu. Bwana Abdourahamane akamchagua wa kati, Chanfi, aliyeandikwa bandarini. Akamwambia Djabir akae kimya kwenye simu ileile, na mimi nikampigia bweni Zaharia kwa simu ya pili, sauti wazi, ofisi nzima ikisikia.

"Kwezi, bweni. Chanfi wa bandarini analala wapi?"

"Chanfi yupi? Mshona viatu au karani?"

"Karani," alidakia Djabir kutoka simu ya kwanza.

"Huyo mwanamume ni nani?" aliuliza bweni kwa ukali.

"Fundi, bweni."

"Aseme salamu basi." Djabir akasema salamu. "Karani Chanfi kaoa mwaka jana. Mkewe nyumba yake haijaisha, ghorofa haina paa. Kwa hiyo bado wanakaa kwa mama wa mkewe, Hombo, nyuma ya msikiti mdogo. Lakini anamwambia kila mtu anakaa bandarini. Aibu inamla."

Nikapima waya kwenye ramani kwa rula, kutoka kituoni, kupitia kichochoro, hadi nyuma ya msikiti mdogo. Nikawatazama majirani wapya, nikatupa wa juu na wa chini. Niliandika kwa herufi kubwa, nikamgeuzia bwana Abdourahamane karatasi: kati ya mia nne na themanini na mia sita na ishirini.

"Angekuwa bandarini?" aliuliza.

"Angepita elfu mbili."

"Djabir," alisema bwana Abdourahamane, "soma."

Tulisikia vidole vya Djabir vikibonyeza kompyuta ya kituo, inayoonyesha kasi ya waliokwisha kuunganishwa.

"Mia tano na sabini," alisema Djabir.

Nilipiga kigelegele palepale, katikati ya ofisi ya serikali, saa za kazi. Nabhane aliketi sakafuni. Bwana Abdourahamane alivaa miwani yake, akaisoma namba yangu tena, kisha akatia saini bila neno. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikubali kiungwana. Alipomaliza akaniambia nianze kesho kuzinyosha anwani zote za Mutsamudu, na nimuulize yule mama kama anawajua na waume wa mitaa mingine.

"Hao ni kazi kubwa," ilijibu simu. Tulikuwa tumesahau kuikata.

Siku ya arusi, Nabhane aliingia nyumbani kwetu Magoudjou kwa joho la dhahabu na kilemba, ngoma nyuma yake, shangazi zangu mbele yake. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo ukumbini, kamera ikitazama mlango. Mimi nilikuwa nimekaa ndani na dhahabu zangu, kichwa kimeinama kama inavyompasa bibi arusi, lakini kupitia mlango wa chumba macho yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi. Kikabaki cheusi kwa muda nilioona ni mwaka. Kisha uso ukatokea, kwanza kilemba cha shiromani, nguo wanayojitanda wanawake wa kule, halafu paji lililopakwa msindzano wa liwa, halafu macho. Bweni Zaharia. Nyuma yake walijaa wanawake wa Hombo, wamebanana ukutani, na kila mmoja alikuwa anatikisa mkono.

Picha haikuganda.

Nabhane alisogea akapiga magoti mbele ya meza. Mama yake alimtazama, akatikisa kichwa. "Sogea," alisema. "Wewe nakujua. Nataka kumwona aliyeniomba waume."

Shangazi zangu walinong'ona kwamba bibi arusi hatoki. Nilitoka. Nilikaa mbele ya kamera, nikainua kichwa. Tulitazamana. Hakutabasamu wala mimi sikutabasamu. Alinitazama kama mtu anayenunua kitambaa, uzi kwa uzi, nami nikamwachia anitazame.

"Nyumba," alisema.

Mama yangu akaibeba kompyuta kwa mikono yake, akamwonyesha mlango, kitanda, jiko, ngazi ya kwenda ghorofani, mpaka waya ukakaza akakwama katikati ya ukumbi kama mbuzi aliyefungwa. Wanawake wa Hombo wakacheka, na wa Magoudjou wakacheka, na mama yangu naye, ambaye sikuwahi kumwona akicheka na Mndzuani asiyekuwa Nabhane, akacheka mpaka akakaa.

"Oumaima," alisema bweni Zaharia, "nyumba yako ni nyumba. Mwanangu nimekupa. Faïza, radhi yangu unayo, wewe na yeye, duniani na akhera."

Nililia. Wanja ulishuka, dhahabu zililowa, sikujali. Vigelegele vilitoka kule na vikatoka huku, na kompyuta haikujua ivipeleke wapi. Bwana Abdourahamane, mgeni wetu, alimpigia Djabir simu, akasikia kasi ya Hombo, akaninyooshea vidole sita. Mia sita. Ndani ya makisio.

Mlangoni kulikuwa na Wandzuani waliokwama Moroni tangu boti zisimame: wapagazi wa bandari, mwalimu mmoja, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa wamesikia habari, wamekuja kwa miguu, wamesimama barabarani kwa sababu kwa miezi ile hakuna mtu wa Magoudjou aliyewakaribisha ndani. Bweni Zaharia aliwaona kupitia ubao mmoja wa mlango uliokuwa wazi nyuma yangu. Akalitaja jina la mmoja wao, kisha la mwingine. Aliwajua wote, na mama zao, baadhi wakiwa pale nyuma yake, na mahali wanapolala. Mama yangu alifuata macho yake, akawaona. Aliinuka, akaenda mlangoni mwenyewe, akazifungua mbao zote mbili.

"Piteni ndani," aliwaambia. "Mama zenu wanangoja."